Sala Isiyokuwamo Daftarini: Shajara za Livingstone na Mashahidi Wake

Tarehe 19 Machi 1872, huko Kwihara karibu na Tabora, David Livingstone alitimiza umri wa miaka 59. Siku tano kabla alikuwa ameagana na Henry Morton Stanley, aliyeelekea pwani akiichukua shajara kubwa ya safari, iliyofungwa kwa lakiri ili ipelekwe kwa Agnes, binti wa Livingstone. Mzee akabaki na daftari jingine. Humo, siku hiyo ya kuzaliwa, alimwandikia Yesu. Alimwita mfalme wake, akajiweka wakfu kwake upya, akaomba ajaliwe kuikamilisha kazi yake kabla ya mwaka kwisha.

Desturi hiyo haikuanza naye. Mwishoni mwa karne ya 4 Augustino alianza kuandika Maungamo yake, akimsemesha Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1725, akiwa Oxford, John Wesley alianza kutunza shajara ili apime jinsi anavyotumia saa zake na hali ya moyo wake. Waprotestanti wengi wa Uingereza na Uskoti walikuza mazoea ya namna hiyo: kuandika dhambi, shukrani na maombi, kisha kurudi kuyasoma ili kuona Mungu ametenda nini. Livingstone, aliyelelewa Blantyre katika nyumba ya wacha Mungu, alikuwa mtoto wa mapokeo hayo. Siku za Mwaka Mpya na za kuzaliwa kwake alitua katika hesabu za mvua na maili, akaandika sala, kama mtu anayefanya upya agano lake.

Mapokeo haya yana dai moja kubwa, kwamba ukurasa wa sala ni mahali ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Shajara za Livingstone zinatulazimisha kulitazama dai hilo upya.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwaka 1871, akiwa Manyema, katika nchi ambayo leo ni Kongo, aliishiwa na daftari na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea. Ni katika kurasa hizo alimosimulia habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake. Mamia walikufa. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki vizuri, mpaka mwaka 2011, wataalamu walipochapisha picha zilizopigwa kwa miali ya mwanga ya aina mbalimbali.

Hapo ilionekana kwamba gazeti lile na kitabu kilichotolewa London mwaka 1874 haviko sawa. Livingstone mwenyewe alinakili habari zile katika shajara yake kubwa, na katika kunakili alibadilisha. Baada ya kifo chake rafiki yake Horace Waller alihariri tena. Maandishi ya kwanza yana ukali na wasiwasi mwingi zaidi, hata juu ya watu aliokuwa akisafiri nao. Msomaji wa karne ya 19 alipewa mtakatifu aliyekwisha kusafishwa, na sala za siku ya kuzaliwa zilikuwa sehemu ya picha hiyo.

Lakini sala yake iliyo mashuhuri kuliko zote haimo katika shajara. Maandishi yake ya mwisho, ya tarehe 27 Aprili 1873, yanataja uchovu, mbuzi wa maziwa waliokuwa wakitafutwa, na mto uliokuwa karibu. Hayana neno la kuomba. Habari kwamba alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, katika kijiji cha Chitambo, zilitoka kwa waliomwona: kijana Majwara aliyekuwa karibu naye, na Susi aliyeitwa usiku ule. Waller aliziandika aliposikiliza ushuhuda wa Susi na Chuma walipofika Uingereza mwaka 1874. Tukio ambalo mahubiri mengi yamelitegemea liliingia katika historia kwa vinywa vya Waafrika.

Miongoni mwa wenzao alikuwamo mwandishi. Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Nashik nchini India, ndiye aliyesoma ibada ya maziko moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti, na ndiye aliyechonga maandishi katika mti huo. Naye alitunza shajara ya safari ya kuubeba mwili hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Waller alitaja 1 Mei kuwa siku ya kifo. Wainwright aliandika 4 Mei. Hata tarehe hiyo, basi, inategemea daftari tunaloliamini. Tarehe 18 Aprili 1874 Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza ndani ya Westminster Abbey. Shajara yake ilitoka kwa Kijerumani mwaka huohuo, ilhali wasomaji wa Kiingereza, lugha aliyoiandikia, walisubiri hadi karne ya 21.

Sioni kwamba haya yanazifanya sala za Livingstone kuwa za uongo. Mtu anayejiweka wakfu upya akiwa mgonjwa, mbali na kwao, hana sababu ya kujipendekeza kwa msomaji. Ninachokataa ni kusoma ukurasa ule kana kwamba aliyeuandika alikuwa peke yake. Daftari la Kwihara lilifika Uingereza kwa sababu kuna watu waliolibeba kwa miezi mingi pamoja na mwili wa mwenyewe, hali njia ya kukimbia ilikuwa wazi kwao. Anayetaka kujua Livingstone aliomba nini na asome shajara yake. Anayetaka kujua alikufaje akiomba hana budi kuwauliza Majwara na Susi.