Namna ya kuchagua lenzi pana ya bei nafuu kwa kamera ya filamu

KAMERA ya filamu aina ya renjifainda haimwonyeshi mpiga picha kile ambacho lenzi inakiona. Mpiga picha hutazama kupitia dirisha dogo lililo juu ya lenzi, na hupima umbali kwa kuzungusha lenzi mpaka taswira mbili zinazoonekana katika dirisha hilo ziungane na kuwa moja.

Kwa sababu hiyo, kosa la kununua lenzi isiyofaa haligunduliki papo hapo. Hugunduliwa baada ya mkanda wa picha 36 kusafishwa, wakati tukio lililopigwa picha limekwisha kupita na fedha zimekwisha kutumika. Ndiyo maana mnunuzi mwenye fedha kidogo anahitaji uangalifu mkubwa kuliko mwenye fedha nyingi.

Lenzi mpya za Leica, kampuni ya Ujerumani inayosifika zaidi kwa kamera hizi, hazinunuliki kwa urahisi. Lenzi yake maarufu ya Summicron ya milimita 35 huuzwa kwa zaidi ya dola 3,000 za Marekani ikiwa mpya. Hata hivyo, zipo njia nyingine za kupata lenzi pana iliyo bora kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Jambo la kwanza la kuangalia si lenzi bali ni dirisha la kamera. Ndani ya dirisha hilo mna mistari inayoonyesha mipaka ya picha. Leica M3, iliyoingia sokoni mwaka 1954, ina mistari ya lenzi za milimita 50, 90 na 135 pekee, hivyo haionyeshi mipaka ya lenzi pana. Leica M6 ya mwaka 1984 ina mistari inayoanzia milimita 28. Bessa R4M na R4A za mwaka 2006 zilikwenda mbali zaidi, kwani mistari yake huanzia milimita 21.

Mwenye kamera isiyo na mistari inayohitajika hulazimika kununua dirisha la ziada linalopachikwa juu ya kamera. Gharama hiyo huongeza bei ya lenzi, na kazi nayo huwa ya hatua mbili: kupima umbali katika dirisha moja, kisha kupanga picha katika dirisha jingine.

Lenzi ya milimita 35 huona pembe ya nyuzi 63 hivi, ya milimita 28 nyuzi 75, na ya milimita 21 takriban nyuzi 90. Kwa anayenunua lenzi pana kwa mara ya kwanza, milimita 35 au 28 zinatosha kwa picha za mitaani, sherehe na majengo. Milimita 21 huhitaji uzoefu, kwa kuwa kamera ikiinamishwa kidogo tu, kuta za majengo huonekana zikianguka.

Jambo la pili ni namna lenzi inavyofungwa. Kamera za Leica za mfumo wa M hufunga lenzi kwa kuizungusha kidogo tu, ilhali za zamani hutumia skrubu yenye kipenyo cha milimita 39. Lenzi za skrubu huingia katika kamera za M kwa kutumia adapta yenye unene wa milimita moja, na upimaji wa umbali huendelea kufanya kazi. Lenzi za M haziwezi kutumika katika kamera za skrubu. Adapta nayo inunuliwe ile inayolingana na lenzi, kwa kuwa ndiyo inayoamua ni mistari ipi itokee dirishani.

Miongoni mwa lenzi za bei ya chini, Jupiter-12 ya milimita 35 iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti inajulikana sana. Asili yake ni Biogon ya kampuni ya Zeiss, iliyobuniwa na Ludwig Bertele katika miaka ya 1930. Kioo chake cha nyuma huingia ndani sana ya kamera, hivyo isifungwe katika Leica M5 wala Leica CL, ambazo zina mkono wa kupimia mwanga mbele ya shata.

Lenzi za Canon za milimita 28 na 35 za miaka ya 1950 na 1960 nazo ni imara. Kuanzia mwaka 1999, kampuni ya Cosina ya Japani imekuwa ikitengeneza lenzi kwa jina la Voigtländer, na zile zinazoitwa Color-Skopar ni ndogo na zenye bei ya wastani. Hata hivyo, matoleo ya mwanzo ya milimita 15 na 25 hayakuunganishwa na kipima umbali, hivyo mpiga picha hukadiria umbali kwa macho.

Kampuni za China za 7Artisans na TTArtisan nazo huuza lenzi mpya za mfumo wa M, baadhi zikiwa chini ya dola 500.

Mnunuzi asikimbilie lenzi yenye tundu kubwa. Kwa mkanda wa ISO 400 katika jua kali, tundu la f/16 na kasi ya sekunde 1/500 vinatosha, na kamera nyingi za zamani hazina kasi ya kuruhusu tundu la f/2 wakati huo. Aidha, lenzi ya milimita 28 ikiwekwa f/8 na umbali wa mita 3.3, kila kitu kuanzia mita 1.7 hivi hadi upeo wa macho huonekana vizuri. Fedha za ziada zina maana kwa yule tu apigaye picha nyingi usiku au ndani ya nyumba.

Lenzi iliyotumika imulikwe kwa tochi kutoka nyuma ili kuona kuvu na utando. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kama Dar es Salaam na Mombasa, kuvu huota kwa urahisi, na lenzi inapaswa kuhifadhiwa pakavu.

Mwisho, lenzi ifungwe katika kamera na kuelekezwa kwenye mnara ulio mbali sana huku pete ikiwa mwisho wa kipimo. Taswira mbili zisipoungana, ijaribiwe lenzi nyingine ili kujua kama kasoro ni ya lenzi au ya kamera. Jaribio hilo huchukua dakika chache, nalo huokoa mkanda mzima.