Siku ya Mwisho ya Ligi: Nani Anajua Nini, na Saa Ngapi

Msimu ukikaribia kwisha, wasomaji wa ukurasa wangu wa utabiri huacha kuniuliza nani ana kadi au nani anauguza goti. Wananiuliza jambo moja. "Kaka, hawa wakifungwa wanashuka daraja. Si watakufa uwanjani? Nawaweka." Basi timu inayohitaji pointi inapandishwa juu ya mkeka, na dau linakuwa kubwa kuliko la wiki nyingine yoyote, kwa sababu mtu anaona kama ameshaambiwa matokeo.

Naandika kurasa hizi hapa Dar es Salaam, na kadiri ninavyoisoma historia ya siku za mwisho ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo halitoshi. Haja ya timu haina siri; imeandikwa kwenye msimamo wa ligi na kila mtu anaiona. Kampuni ya kubashiri iliiona kabla yako na imeshaipunguza kwenye odi. Kinachoitofautisha siku ya mwisho na raundi zote zilizotangulia ni habari. Matokeo ya uwanja mwingine yanaingia ndani ya uwanja huu, na wachezaji wanacheza huku wakijua, au wakikisia, au wakiwa wameambiwa uongo na kelele za jukwaani. Mimi naanza na swali hili: nani atajua nini, na atajua saa ngapi?

Biashara ya kubashiri soka ilijengwa juu ya habari tangu mwanzo. Mwaka 1923 John Moores na wenzake wawili walianzisha Littlewoods mjini Liverpool. Walichapisha kuponi 4,000 na kuzigawa nje ya uwanja wa Old Trafford, Manchester. Zilirudi 35. Mpango ulikuwa rahisi: shabiki anajaza kuponi ya mechi za wiki, fedha zote zinaingia chungu kimoja, waliopatia wanagawana. Miaka michache baadaye Uingereza nzima ilikuwa ikijaza kuponi. Viongozi wa ligi walichukia sana, na mwaka 1936 wakajaribu njia ya ajabu ya kuiua biashara hiyo: wakaificha ratiba. Klabu ziliambiwa kwa kuchelewa zitacheza na nani ili kampuni zisipate muda wa kuchapisha kuponi. Mashabiki nao wakabaki hawajui nani anakuja kwao Jumamosi, viwanja vikapungua watu, na baada ya wikiendi mbili mpango ukaachwa. Ligi iliyotaka kumpiga mtabiri ilijikuta imempiga mtazamaji wake.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo baya zaidi, na msomaji wangu wa "wanahitaji" angefaa kulijua. Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 1915, Manchester United iliikaribisha Liverpool. United ilikuwa ukingoni mwa kushuka daraja. Liverpool haikuwa na cha kupata wala cha kupoteza. United ilishinda 2-0, mabao yote ya George Anderson. Aliyeweka United alilipwa. Lakini watu waliokuwa uwanjani walishangaa. Penalti ilipigwa nje kabisa ya lango, na mabao mawili yalipopatikana mchezo ukapoa kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe wapokea dau walikuwa wametoa malipo ya 7 kwa 1 kwa matokeo ya 2-0 kamili, na fedha nyingi mno zilikuwa zimewekwa hapohapo. Uchunguzi ulifanyika, na mwisho wa mwaka huo wachezaji saba wa timu hizo mbili, watatu wa United na wanne wa Liverpool, walifungiwa maisha. Wakati wa mechi hiyo vita ya dunia ilikuwa imeshaanza, ligi ilikuwa inakaribia kusimamishwa, na kila mchezaji alijua mshahara wake uko mashakani. Sandy Turnbull wa United aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1917, adhabu ikiwa bado juu yake. Enoch West, aliyekana hadi mwisho kwamba alihusika, alifunguliwa mwaka 1945. United ilibaki daraja la kwanza kwa pointi moja juu ya Chelsea.

Siku ile haja ya United ilikuwa ya kweli. Ila walioshinda kwenye dau ni wale waliojua.

Kwa sisi Waafrika, mechi ya kukumbukwa kuliko zote katika suala hili ilichezwa Gijón, Hispania, tarehe 25 Juni 1982. Kwenye Kombe la Dunia mwaka huo Algeria ilikuwa imeifunga Ujerumani Magharibi 2-1, kwa mabao ya Rabah Madjer na Lakhdar Belloumi, ushindi ambao hakuna mtabiri aliyethubutu kuuandika. Ikafungwa na Austria, kisha ikaichapa Chile 3-2. Lakini mechi yake ya mwisho ilichezwa tarehe 24, siku moja kabla ya Ujerumani na Austria kukutana. Hapo ndipo ulipo ubaya wote. Wajerumani na Waaustria waliingia uwanjani wakiwa na hesabu kamili mkononi: Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita na Algeria inarudi nyumbani. Horst Hrubesch alifunga dakika za mwanzo. Kuanzia hapo hadi mwisho ilikuwa pasi za pembeni, mpira kurudishwa kwa kipa, na watu waliosimama. Watazamaji walizomea, na mashabiki wa Algeria walipunga noti za fedha kuelekea uwanjani. Shirikisho la Algeria lilikata rufaa, matokeo hayakubadilishwa. Kilichobadilishwa ni saa. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja. Kila ninapoona mechi mbili zimepangwa saa ileile naikumbuka Algeria, maana ndiyo iliyolipia kanuni hiyo na haikufaidi chochote.

Hata hivyo saa moja haiondoi kujua. Inapunguza tu.

Chukua Anfield, uwanja wa Liverpool, Ijumaa usiku, tarehe 26 Mei 1989. Mechi ile ilikuwa ichezwe Aprili, ikaahirishwa baada ya maafa yaliyoua mashabiki wa Liverpool uwanjani Hillsborough tarehe 15 mwezi huo. Kwa hiyo ikawa ya mwisho kabisa ya msimu, peke yake, timu ya kwanza na ya pili uso kwa uso. Liverpool ilikuwa na pointi 76, Arsenal 73, na Arsenal ilihitaji kushinda kwa mabao mawili kwenye uwanja ambao haikuwa imeshinda kwa miaka kumi na tano. Kwa hesabu ya haja, Arsenal walihitaji kupita kiasi. Kwa hesabu ya uwezo, karibu kila mwandishi wa Uingereza aliwazika. Mimi naitazama kwa hesabu ya kujua. Arsenal walijua namba moja tu: mabao mawili. Hata dakika ya mapumziko, ikiwa 0-0, hawakuwa na sababu ya kubadili chochote. Liverpool walijua kwamba kufungwa bao moja bado ni ubingwa, na kujua huko kukawafunga miguu: washambulie au walinde? Tena walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la FA tarehe 20, na wakaifunga West Ham 5-1 tarehe 23. Alan Smith alifunga mapema kipindi cha pili. Michael Thomas akamalizia dakika za nyongeza. Pointi zikawa 76 kwa 76, tofauti ya mabao 37 kwa 37, na Arsenal ikawa bingwa kwa kuwa imefunga mabao 73 dhidi ya 65. Huku kwetu ilikuwa karibu saa 6 usiku, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Wapenzi wa soka waliipata habari hiyo kwa redio.

Tarehe 14 Mei 1995 inavunja kabisa hoja ya haja. Blackburn iliongoza kwa pointi mbili na ilikuwa ugenini Liverpool, ambako kocha wake Kenny Dalglish alikuwa shujaa. Manchester United ilikuwa kwa West Ham, timu iliyokwishajiokoa. Mazungumzo ya siku zile yalisema Liverpool hawatajichosha kuwapa mahasimu wao ubingwa, na West Ham hawana la kupigania. Liverpool ikashinda 2-1. West Ham ikatoka sare ya 1-1, huku kipa wake Luděk Mikloško akiokoa mpira baada ya mpira. Timu mbili zisizohitaji kitu zilizizuia timu mbili zilizohitaji kila kitu, na Blackburn ikabeba kombe ikiwa imefungwa.

Ile ya Manchester City na QPR ya 13 Mei 2012 kila aliyekaa kwenye kibandaumiza anaijua, kwa hiyo sitaisimulia yote. Nakumbusha jambo moja tu. QPR walikuwa pungufu kwa mtu mmoja wakiongoza 2-1, na Bolton ikashindwa kuifunga Stoke, maana yake QPR wamebaki ligi kuu hata wakipoteza. City ilisawazisha kwa Edin Džeko na kushinda kwa Sergio Agüero, yote katika dakika za nyongeza. Nguvu ya kuzuia hadi pumzi ya mwisho haiwi ileile kwa timu ambayo uwanja mwingine umeshaiokoa.

Na kwetu je? Februari 2016, katika mechi za mwisho za Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikifukuzana kwa tofauti ya mabao, zikitafuta nafasi ya kupanda ligi kuu. Geita iliifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro 7-0. Namba hizo hazikuhitaji mpelelezi. Shirikisho la soka nchini, TFF, lilizishusha timu zote nne, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Iliniuma, na bado inaniuma, maana kuna kijana mahali fulani aliyekuwa akifanya mazoezi kwa haki katika kundi lile. Msimu uliofuata, tarehe 20 Mei 2017, Mbao hao waliifunga Yanga 1-0 pale uwanja wa Kirumba katika mechi ya mwisho. Yanga ilitwaa ubingwa hivyohivyo, ikiwa na pointi 68 sawa na Simba, kwa tofauti ya mabao. Yanga waliingia Kirumba wakijua kwamba kufungwa hakuwaondolei kombe; Mbao waliingia wakijua wanaweza kushuka. Hapo haja ilifanya kazi, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umeshashiba.

Basi ndivyo ninavyoandika sasa siku ya mwisho inapofika. Naanza na saa ya kuanza kwa kila mechi inayohusika. Naandika ni matokeo gani ya kwingine yatakayobadili mchezo huu, na ni upande upi utaridhika mapema. Wachezaji na fomu vinafuata baadaye. Mechi ambayo matokeo ya aina fulani yanazifaa timu zote mbili siitabiri kabisa. Naiacha nafasi yake wazi kwenye ukurasa na kueleza sababu. Nawe msomaji wangu, nakusihi uiache nje ya mkeka wako, hata kama odi yake inakuita.