Kabla Uulize Wastani, Uliza Mwalimu Ametoka Wapi

Hii ni historia, lakini usikimbie. Hakuna mtihani mwisho.

Ukiuliza mtu wa Nairobi kuhusu shule, atakuambia karo ni pesa ngapi, wastani wa KCSE ni ngapi, na kama kuna basi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: walimu wa hapo wametoka wapi, na wanaamini nini kuhusu mtoto? Mimi naona hilo ndilo swali la kwanza. Hizo zingine zinafuata nyuma.

Ushahidi wangu uko Kiambu. Shule mbili, zote zilianza zikiwa ndogo, zote zilikuwa na walimu wenye akili ya kutisha. Moja unaijua vizuri. Ingine ilizimwa, na watu wengi wa rika letu hawajawahi hata kuisikia.

Tuanze na ile unaijua. Tarehe 1 Machi 1926, pale Kikuyu, ilifunguliwa Alliance High School. Jina lilitokana na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti yaliyoianzisha. Siku ya kwanza ilikuwa na wavulana 27. Ishirini na saba tu, wasee. Leo hao hawajazi hata matatu moja ya viti 33.

Mwaka wa 1940 akaingia mwalimu mkuu anaitwa Edward Carey Francis. Huyu Mzungu hakuja Kenya kwa sababu alikosa kazi kwao. Alikuwa amepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, halafu akafundisha hesabu pale Cambridge. Angekaa huko azeeke na vitabu vyake. Badala yake, 1928 alikuja Maseno kama mmishonari, akafundisha huko miaka kumi na kitu, kisha akahamia Alliance na kuiongoza mpaka 1962. Hakuoa. Maisha yake yote yalikuwa darasa, kanisa na uwanja wa mpira.

Sasa angalia vile alikotoka kunaeleza alivyofundisha. Mwanajeshi, mwanahesabu, mtu wa dini. Basi shule ikawa ni saa, nidhamu, kazi ngumu na maombi. Kijana alifinyangwa awe mtu wa tabia na mtu wa kutumikia. Mpaka leo wito wa Alliance unazungumzia kuwa na nguvu ili utumikie. Ni neno zuri. Lakini kwenye koloni kulikuwa na swali lilijificha nyuma yake: utumikie nani?

Na hilo swali lilikuwa limeshaulizwa na walimu wengine wa hapo hapo Alliance.

Eliud Mathu alisoma Alliance, akaenda Fort Hare huko Afrika Kusini, akarudi kufundisha. Baadaye akapita Oxford, akarudi tena. James Gichuru alisoma Alliance, akaenda Makerere, naye akarudi kufundisha. Hawa walikuwa watoto wa shule yenyewe. Walijua vitabu kama Wazungu walivyovijua, lakini waliishi kwenye nchi ambayo mshahara wa mwalimu ulipimwa kwa rangi ya ngozi kabla ya kupimwa kwa digrii. Mwaka wa 1934 wawili hao waliongoza kuanzishwa kwa chama cha walimu Waafrika wa Kenya. Yaani miaka 23 kabla KNUT izaliwe 1957, kulikuwa tayari na walimu walioamini kwamba mtu hawezi kumfundisha mtoto kusimama wima huku yeye mwenyewe ameinama.

Mathu aliendelea akawa Mwafrika wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria, 1944. Gichuru aliongoza chama cha KAU mpaka 1947, akampisha Kenyatta, na uhuru ulipokuja akawa waziri wa kwanza wa fedha. Mnaona? Chaki ile ile, ubao ule ule, lakini walimu wameshika imani tofauti kabisa kuhusu vile mwanafunzi atakuwa.

Sasa twende Githunguri.

Ili uelewe Githunguri lazima urudi 1929. Wamishonari wa Kiprotestanti waliwataka waumini wa Kikuyu waweke alama ya kidole kuonyesha wameachana na tohara ya wasichana. Walimu waliokataa walifutwa, na wazazi wengi wakawatoa watoto wao kwenye shule za misheni. Niseme wazi: mimi sitetei ukeketaji hata kidogo. Ni kitendo kinachoumiza wasichana, na ni haramu Kenya. Lakini ukidhani ugomvi ulikuwa wa hilo tu, utakuwa umekosa hadithi. Wazazi walikuwa wamechoka kuambiwa ni nani afundishe watoto wao, nini, na mpaka darasa la ngapi. Walitaka masomo zaidi, Kiingereza kikiwemo, na walitaka usukani. Ndipo zikazaliwa shule huru, chini ya vyama viwili vikubwa: KISA na Karing'a. Watu walijenga wenyewe, wakalipa walimu wenyewe.

Shida ikawa moja: walimu watatoka wapi?

Hapo ndipo anaingia Mbiyu Koinange. Baba yake alikuwa Chifu Mkuu Koinange, kwa hivyo si hadithi ya mtoto maskini. Mbiyu alikuwa mmoja wa wale wavulana wa mwanzo wa Alliance. Mwaka wa 1927 akaenda Marekani, Hampton Institute kule Virginia. Hii ilikuwa shule iliyoanzishwa 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, na mafundisho yake yaliweka shamba na karakana pamoja na kitabu. Akaendelea Ohio Wesleyan, kisha Columbia, New York, akipita kwenye chuo cha ualimu. Akasoma Uingereza pia. Aliporudi 1938, serikali ya mkoloni ilikuwa na mtu mwenye masomo mengi kuliko maafisa wake wengi, na haikujua imweke wapi.

Yeye alijiweka. Mwezi wa kwanza 1939 alifungua Kenya Teachers College, Githunguri. Ilianza kama mahali pa kutengeneza walimu wa shule huru, ikaongeza madarasa ya watoto wadogo kwenda juu.

Pesa ilitoka wapi? Marika. Kila rika lilichanga na kushindana na rika lingine kuona nani ametoa zaidi. Fikiria ile grupu ya WhatsApp ya mchango, ile ya "fulani ametuma 500", lakini bila simu, na badala ya harusi mnajenga chuo. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Pesa ilikuwa shida ya kila siku, tusidanganyane. Lakini kila jiwe lilikuwa na mwenyewe.

Hapa ndipo naona falsafa ya Mbiyu vizuri. Wamishonari pia walikuwa wakiwashikisha watoto jembe na nyundo, na wazazi walilichukia jambo hilo kwa sababu lilinuka ujanja: mfundishe Mwafrika kazi ya mikono ili abaki kibarua. Mbiyu alikuwa ametoka Hampton, ambako watu weusi walishika vifaa hivyo hivyo. Jembe halikuwa tatizo. Swali lilikuwa nani amekukabidhi, na baada ya kulima, shamba ni la nani.

Kenyatta alirudi nchini 1946 na muda mfupi baadaye akawa mkuu wa chuo hicho. Naye pia alikotoka kulionekana: mtoto wa misheni ya Thogoto, aliyesomea London School of Economics, na ambaye kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, kina sura nzima kuhusu vile Wakikuyu walivyofundisha watoto kabla shule kuja. Aliamini kwamba mtoto haji darasani akiwa ndoo tupu. Anakuja akiwa ameshafundishwa nyumbani.

Halafu ikaja Oktoba 1952. Hali ya hatari. Kenyatta akakamatwa. Shule huru zikafungwa au zikachukuliwa na serikali. Githunguri ikafungwa, na mahali pale pakageuzwa pa kunyongea watu waliohukumiwa kwa ajili ya Mau Mau. Soma hiyo sentensi tena. Pale ambapo marika yalishindana kuchanga ili mtoto ajue kusoma, waliweka kitanzi. Katika Kenya nzima zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwenye kipindi hicho.

Serikali haitumii nguvu kama hizo dhidi ya kitu cha mzaha. Mkoloni alielewa jambo ambalo sisi tumesahau: mwalimu anayejua alikotoka ni hatari kuliko bunduki kadhaa.

Kuna mtoto mmoja aliyepita pande zote mbili, na unamjua. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Manguo, shule ya Karing'a kule Limuru. Baada ya 1952 shule za aina hiyo zikawa mikononi mwa serikali, Kiingereza kikawa mfalme, na mtoto aliyesikika akiongea Kikuyu aliadhibiwa. Walipitishiana kitufe ili mkosaji ajulikane. Ndiyo, ile diski uliyobebeshwa shule ya msingi kwa kuongea lugha ya mama ina babu yake. Mwaka wa 1955 Ngũgĩ akaingia Alliance, kwa Carey Francis. Aliporudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Ndani ya shule, nidhamu na hesabu. Nje, majivu.

Sitaki umchukie Carey Francis, hiyo itakuwa rahisi sana. Alipostaafu 1962, mtu aliyewahi kufundisha Cambridge na kuongoza shule maarufu kuliko zote nchini hakurudi Uingereza kupumzika. Alienda Pumwani, hapa Eastlands, akawa mwalimu wa kawaida wa sekondari mpaka kifo chake 1966. Mimi ni mtu wa Eastlands, na kila nikipita pale na matatu hiyo habari hunipa heshima kwake. Aliamini alichosema kuhusu kutumikia. Kile hakukiona ni kwamba wanafunzi wake walikuwa na haki ya kuchagua wa kumtumikia.

Na Ngũgĩ? Mwaka wa 1977 alikuwa Kamĩrĩĩthũ na wanakijiji, wakijenga jukwaa kwa mikono yao na kucheza tamthilia kwa lugha yao. Hiyo ni Githunguri tena, kwa jina lingine. Nayo ikapigwa marufuku, akafungwa bila kesi, na 1982 jukwaa likabomolewa. Safari hii na serikali yetu wenyewe.

Hapo ndipo kunaniuma. Tulipata uhuru, na watu wa Githunguri wakaingia ikulu. Mbiyu mwenyewe alikuwa karibu na Kenyatta mpaka 1978. Lakini shule tuliyoendelea nayo ni ya wastani, mtihani, diski na foleni ya asembli. Ile imani ya kwamba jamii inamjua mwalimu wake, inamlipa, na inajadiliana naye kuhusu mtoto, hiyo tuliiacha pale ilipozikwa.

Leo mwalimu ni namba ya TSC. Tulimpeleka Junia Seko kama intani, kwa kandarasi na pesa ya kubahatisha, na 2024 walipogoma wengi wetu tuliuliza tu masomo yataendelea lini. Mathu na Gichuru wangeuliza kitu kingine. Tumebadilisha mtaala, KCPE ya mwisho ikafanywa 2023, tukaambiwa sasa mtoto atajifunza kwa mikono. Sawa. Lakini hakuna mtaala unaojifundisha. Anayeufundisha ni mtu, na huyo mtu ametoka mahali na anaamini kitu.

Kwa hivyo kama bado uko shule, nina kazi moja kwako wiki hii. Mtafute mwalimu mmoja, hata yule mkali. Muulize: mwalimu, ulisomea wapi, nani alikufundisha, na kwa nini uliamua kufanya hii kazi? Halafu nyamaza, usikize. Inawezekana hakuna mwanafunzi amewahi kumuuliza.