Jukwaa au Cherehani: Nani Aliwavisha Wanawake wa Paris?

Hadithi inayosimuliwa ni fupi na tamu. Tarehe 4 Juni 1910, pazia lilifunguliwa katika jumba la Opera la Paris na wacheza baleti kutoka Urusi wakaonyesha Schéhérazade. Watazamaji waliona suruali za kupwaya, vilemba, lulu, na rangi ya chungwa ikipambana na buluu na kijani. Baada ya hapo, wanasema wasimulizi, wanawake wa Paris wakaitupa koseti, lile vazi la kamba na mbavu ngumu lililowabana viuno, wakajifunga vilemba. Nimeikuta hadithi hii katika vitabu kadhaa, karibu kwa maneno yale yale, na kufanana huko ndiko kulikonitia shaka. Mtindo wa mavazi hugeuka kwa usiku mmoja?

Nilianza na nguo zenyewe, kwa kuwa kitambaa hakijisifu. Kampuni ya wachezaji wale, iliyoongozwa na Sergei Diaghilev, iliishi miaka 20, kuanzia 1909 hadi alipofariki Venice mnamo Agosti 1929. Masanduku ya mavazi yakapita mkono hadi mkono, yakalala ghalani Paris, kisha mengi yakauzwa kwenye minada ya London mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo baadhi yako makumbusho ya London, mengine yako Canberra, Australia. Ukiyatazama kwa karibu, unaona kazi ya watu wenye haraka na wenye akili: rangi iliyopakwa moja kwa moja juu ya kitambaa, vipande vilivyoshonewa juu ya vingine, madoa ya jasho kwenye kwapa. Yalitengenezwa yaonekane kutoka viti vya mbali, chini ya taa kali. Hakuna mwanamke ambaye angeketi nayo mezani kula chakula cha jioni. Lakini je, nguo hizi ndizo zilizovaliwa usiku ule wa 1910?

Hapo nikagonga ukuta. Schéhérazade ilipendwa, ikachezwa mwaka baada ya mwaka, na mavazi yake yakachakaa na kushonwa upya. Kinyume chake, Le Dieu bleu, baleti ya kampuni hiyo hiyo ya mwaka 1912, haikuvutia watu. Ilichezwa mara chache, na kwa sababu hiyo mavazi yake yametufikia yakiwa katika hali nzuri kuliko mengi. Ghala lilikitunza kilichoshindwa, na kilichopendwa kikaisha jukwaani. Anayehesabu masalia ili ajue kipi kilikuwa na nguvu atapotoka. Nigeukie wapi?

Nikageukia michoro ya Léon Bakst, aliyebuni mavazi ya Schéhérazade. Ni michoro mizuri mno, na uzuri huo ndio unaoifanya iwe shahidi wa kuhojiwa kwa makini. Miili inapinda kama miali ya moto, kitambaa kinaelea bila uzito. Isitoshe, Bakst alirudia baadhi ya michoro yake kwa ajili ya wanunuzi, kwa hiyo mchoro wa vazi la 1910 si lazima uwe wa 1910. Picha za kamera hazina rangi, na nyingi zilipigwa studio. Filamu ya onyesho la 1910 hatuna, maana Diaghilev hakutaka wachezaji wake wapigwe filamu. Kila shahidi ana kilema chake. Hayupo mwenye tarehe isiyopingika?

Yupo. Ni albamu iliyochapishwa Paris mwaka 1908. Paul Poiret, mbunifu aliyefungua duka lake mwaka 1903, alimwomba mchoraji Paul Iribe amchoree magauni yake. Ndani ya kurasa zile kiuno kimepanda hadi chini ya matiti, gauni linaning'inia kutoka mabegani, rangi ni kali, na vichwani mna vilemba. Tayari kufikia mwaka 1906 Poiret alikuwa akibuni magauni yasiyohitaji koseti ya zamani. Msimu wa kwanza wa baleti ya Warusi mjini Paris ulifunguliwa Mei 1909, katika ukumbi wa Châtelet. Kwa tarehe peke yake, cherehani ilitangulia jukwaa. Kesi imekwisha?

Bado. Poiret mwenyewe alitetea nafasi yake katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1930, akisisitiza kwamba alikuwa na jina kabla ya Bakst. Wakati huo duka lake lilikuwa limeshafungwa. Maneno ya mtu anayepigania sifa yake nimeyapima kwa tahadhari, na nisingeyategemea kama albamu ya 1908 isingekuwapo. Tena suruali zina habari tofauti. Sketi-suruali alizouza Poiret zilizua kelele mwaka 1911. Sherehe yake maarufu ya kuigiza Uajemi, ambamo wageni walitakiwa kuvaa mavazi ya namna hiyo na yeye akaketi kama sultani, ilifanyika tarehe 24 Juni 1911. Yote mawili yanakuja baada ya Schéhérazade. Koseti nayo haikufa. Ilishuka tu, ikarefuka, ikabana nyonga badala ya kiuno, na kufikia 1910 sketi zikawa nyembamba kiasi kwamba mwanamke alitembea kwa hatua fupi fupi. Poiret alikiri kwamba alikifungua kifua na kuifunga miguu. Basi wote wawili, Bakst mchoraji na Poiret mshonaji, ndoto hii ya Mashariki waliitoa wapi?

Njia inarudi nyuma zaidi. Tafsiri mpya ya Kifaransa ya hadithi za Alfu Lela Ulela ilitoka kati ya 1899 na 1904, ikasomwa sana. Mwishoni mwa 1904 mcheza dansi Isadora Duncan alicheza St. Petersburg, Urusi, miguu mitupu, bila koseti, akiwa na kanzu nyepesi ya Kigiriki. Mashariki iliyopandishwa jukwaani ilichanganya Uajemi, India na Uturuki katika chungu kimoja. Hapa msomaji wa pwani yetu ana haki ya kusimama. Sayyida Salme, binti wa Sultani na mzaliwa wa Unguja, alishachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, zikieleza maisha ya wanawake wa jumba la kifalme. Picha yake inayojulikana sana inamwonyesha akiwa na suruali chini ya vazi refu. Kwa wanawake wa nyumba za aina ile, suruali ilikuwa vazi la heshima na la kila siku. Jukwaani Paris ilifanywa alama ya uasherati wa harimu. Jambo hilo linaniuma, na sioni likipewa uzito katika simulizi za mitindo. Kwa nini jukwaa likapewa sifa yote?

Nadhani ni kwa sababu jukwaa na duka zilijifunza haraka kufanya biashara pamoja. Mnamo 1912 na 1913 Bakst alichora magauni yaliyoshonwa na nyumba ya mitindo ya Paquin. Mei 1913, katika baleti ya Jeux, iliyohusu mchezo wa tenisi, wanawake walicheza na nguo za Paquin hiyo hiyo. Mwaka huo huo Poiret aliwavisha waigizaji wa tamthilia ya Le Minaret vazi lenye pindo lililotanuliwa kwa waya kama kivuli cha taa, kisha umbo hilo likaingia madukani. Mwaka 1924, katika Le Train bleu, baleti nyingine ya kampuni ile, wachezaji walitokea na nguo za kuogelea na za michezo zilizobuniwa na Coco Chanel. Hapo ni nani anayemfuata nani?

Kwa ushahidi nilioupata, umbo la gauni lisilobana kiuno na kilemba vilikuwa Paris kabla ya Warusi. Walicholeta wao ni ujasiri wa kuchanganya rangi, na hamu ya umma iliyofanya mbunifu auze suruali mwaka 1911. Hilo si dogo, lakini si lile tunaloambiwa. Ukikutana tena na sentensi inayosema baleti ya 1910 iliwavua wanawake koseti, msomaji, idai tarehe, kisha iweke kando ya albamu ya 1908.