Betri Isiyouzwa Tena

Bibi alikaa ukingoni mwa baraza, Mto Pangani ukimeremeta nyuma yake, nami nilisimama mlangoni na kamera ya mjomba. Ukichungulia ndani yake unaona mishale miwili: mmoja mwembamba unaocheza na mwanga, mwingine wenye kiduara nchani. Unazungusha pete ya lenzi mpaka kiduara kiufunike ule mwembamba, kisha unapiga. Nilifanya hivyo mara 35, na kila baada ya dakika Bibi aliuliza, "Bado tu, mjukuu wangu?" Picha ya 36 aliipiga mjomba. Alininyang'anya kamera, akazungusha pete bila hata kuutazama mshale, akabonyeza, akanirudishia. Nilikasirika. Filamu ni ghali, na ile ilikuwa ya mwisho.

Miezi miwili baadaye Bibi alifariki. Filamu ilikuwa bado kwenye droo yangu. Baada ya arobaini nilimtumia rafiki yangu wa Nairobi anayesafisha filamu za nyeusi na nyeupe nyumbani kwake. Akaniletea picha ya negativu kwa simu. Kwenye negativu mambo huwa kinyume: palipo na mwanga pawe peusi, palipo na giza pawe wazi. Mto ulikuwepo, mweusi vizuri. Pale alipokaa Bibi palikuwa na tundu jeupe lenye umbo la mtu aliyejifunga khanga. Uso haukuwepo.

"Umeweka betri gani?" rafiki yangu aliuliza.

Kamera yenyewe ni Minolta SR-T 101, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1966. Mjomba aliinunua ikiwa imeshatumika, akapigia picha za harusi na za pasipoti mjini Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuifungia kabatini. Nilipoichukua niliamini nimeikagua kama inavyopasa. Shata yake ni ya springi na gia, haihitaji umeme, kwa hiyo nilifungua mgongo, nikaielekeza dirishani na kusikiliza kila kasi, kuanzia sekunde nzima hadi 1/1000. Kioo kilipanda na kushuka bila kukwama. Sponji inayozuia mwanga usipenye mgongoni ilikuwa imegeuka lami. Nikaikwangua, nikabandika uzi mweusi wa sufu. Chini ya kamera kuna kifuniko kinachofunguliwa kwa sarafu. Ndani nilikuta ukoga wa kijani, nikausugua kwa kijiti chenye pamba na siki mpaka chuma kikang'aa. Betri iliyokufa nikaipeleka kwa fundi saa Kariakoo, naye akanipa nyingine ya umbo lile lile. Nilipogeuza swichi kwenye alama ya kupima betri, mshale uliruka ukapita alama yake. Nikafurahi, nikidhani betri ina nguvu. Kumbe ndipo kamera ilipokuwa inaniambia.

Betri niliyoitoa ilikuwa ya zebaki, na niliyoiweka ilikuwa ya alkali. Kwa macho ni mapacha. Ya zebaki hutoa volti 1.35, na hutoa hizo hizo tangu siku ya kwanza mpaka karibu na kufa, kisha huzimika ghafla. Ya alkali huanza na 1.5, halafu hushuka kidogo kidogo kila inapotumika. Kwenye tochi hutaona tofauti. Kwenye mita ya mwanga ni sawa na kupima kitambaa kwa rula ya mpira. Waliosanifu mita ya SR-T waliutegemea uthabiti wa zebaki, hawakuweka kitu cha kurekebisha volti. Umeme ukizidi, mshale hupanda kuliko mwanga ulivyo, na wewe unaamini kuna jua kali, unabana tundu la lenzi. Ongeza mto uliokuwa uking'aa nyuma ya Bibi, na ngozi yetu nyeusi iliyokuwa kivulini, na hapo unapata tundu lenye umbo la mtu.

Betri ya zebaki ilibuniwa na Mmarekani Samuel Ruben wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akishirikiana na kampuni ya Mallory. Jeshi lilihitaji betri ndogo zisizoharibika kwenye joto na unyevu wa nchi za tropiki. Vita vilipokwisha zikahamia kwenye saa, vifaa vya kusaidia kusikia, na katika miaka ya 1960 kwenye kamera: Nikon, Canon, Pentax, Minolta. Kisha zikatoweka madukani. Nilipotafuta sababu, nilifika mahali ambapo sikutarajia kamera ingenifikisha.

Minamata ni mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi kuanzia mwaka 1932, na maji yake machafu yalimwagwa baharini. Paka walianza kwanza: walipepesuka, wakazunguka kama wanaocheza ngoma. Halafu watu. Mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito, macho yakapungua upeo. Mei 1956 hospitali ya kiwanda chenyewe iliripoti kwamba kuna ugonjwa usiojulikana. Daktari wake, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji machafu ya kiwandani mwaka 1959, na paka akaugua vile vile. Kampuni ilificha matokeo, ikaendelea kumwaga hadi 1968.

Mwaka 1971 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia Minamata, wakaishi huko miaka mitatu. Januari 1972 Smith alipigwa vibaya na watu wa kampuni kwenye kiwanda cha Chisso huko Goi, karibu na Tokyo, na macho yake hayakupona sawasawa. Mwaka huo huo jarida la Life lilichapisha picha yake inayojulikana kuliko zote: mama amempakata bafuni binti yake aliyedhurika tangu tumboni. Miaka mingi baadaye wazazi waliomba binti yao apumzike, na Aileen akakubali picha isiendelee kuchapishwa. Kwa hiyo jina la binti sitaliandika, na picha sitaieleza zaidi ya hapo.

Nitakachosema ni hiki: kamera alizotumia Smith huko Minamata zilikuwa Minolta SR-T 101. Chini yake, kwenye kitundu kile kile nilichokisugua kwa siki, palitengwa nafasi ya betri ya zebaki.

Najua zebaki ya kwenye betri si ile ile iliyowaua wavuvi. Iliyotoka kiwandani ilikuwa tayari ni zebaki-methili, sumu inayopanda kutoka samaki hadi kwa mlaji. Lakini betri ikitupwa huoza, zebaki hufika majini, na bakteria wa kwenye matope wanaweza kuigeuza kuwa sumu hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 1996 Marekani ilipiga marufuku kwa sheria kuuza betri ndogo za zebaki, na Oktoba 2013 mataifa yakatia saini mkataba wa dunia ulioitwa kwa jina la mji ule. Tanzania ilitia saini pia. Zebaki tunaijua sana huku, kwa njia nyingine: wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huikamatishia dhahabu, kisha huichoma motoni, wakati mwingine kwa moto ule ule wa kupikia.

Kwa hiyo mita yangu ilidanganya kwa sababu nzuri. Sikupata faraja yoyote kwa kulijua hilo.

Siku hizi natumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za zinki na hewa. Zinatoa takriban volti 1.4, zinatosha, ingawa ukishabandua karatasi yake haikai miezi mingi. Mara nyingine naizima mita kabisa. Kwa filamu ya ISO 400 kwenye jua la wazi naweka 16 kwenye lenzi na 1/500 kwenye shata, nikiingia kivulini nafungua hatua tatu.

Hatua tatu nilifundishwa na mjomba, kwa simu. Picha ya 36 ilikuwa imetoka. Bibi anatazama pembeni, amechoka na mimi, mikunjo yote ya uso wake ipo. Nilimpigia usiku ule ule.

"Shikamoo mjomba. Ile ya mwisho uliipigaje?"

"Marahaba. Kivulini unafungua tatu. Ile mita niliacha kuiamini tangu betri zake zilipoisha madukani."

"Na zile zilizokwisha, ulizitupa wapi?"

Alinyamaza kidogo.

"Shimoni, nyuma ya nyumba," alisema. "Pale Bibi alipokuja kupanda migomba."