Kijiti cha Reli na Hodi ya Kompyuta

Reli ilifika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Mto Naili pale Jinja kufunguliwa mwezi Januari mwaka huo huo. Kabla ya hapo abiria walivuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu, ambako reli ilikuwa imekwisha fika tangu Desemba 1901, wakateremkia Port Bell. Basi mji wetu ukaunganishwa na Mombasa kwa njia moja tu ya chuma, nayo magarimoshi yakienda na kurudi. Katika njia ya namna hiyo jambo gumu si mwendo, ni zamu: nani apite, na nani angoje kwenye njia ya kupishania.

Nalitaja jambo hili kwa sababu hivi karibuni mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta, hapa hapa Kampala, alinijia na daftari lake. Alitaka nimsaidie kueleza kwa Kiswahili habari za viendeshi, yaani zile programu zikaazo katika kiini cha mfumo wa kompyuta, ambazo kazi yao ni kusemezana na vyombo kama vile kibodi, diski na printa. Nilikwama katika ukurasa wa kwanza. Na kukwama kwangu si jambo la kuchekwa tu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu asemaye kwamba lugha hii ni lugha ya elimu hana budi kulithibitisha neno lake mbele ya mwanafunzi kama huyu.

Kompyuta za mwanzo zilipotaka kujua kama chombo kimemaliza kazi, zilikiuliza tena na tena: tayari? tayari? Muda mwingi ulipotea bure. Katika miaka ya 1950 wahandisi wakavipa vyombo uwezo wa kubisha hodi vyenyewe. Kichakataji kikisikia hodi, huweka alama pale kilipofikia, humhudumia mgeni, kisha hurejea kwenye kazi yake kana kwamba hapakutokea kitu.

Wenzake Loopstra na Scholten walipopendekeza mtindo huo kwa mashine iitwayo X1, Mholanzi Edsger Dijkstra alisita kwa muda. Hodi huja saa isiyotabirika, na kosa lizaliwalo na saa hiyo laweza kutokea leo lisitokee tena mwezi mzima. Fundi atalitafutaje? Hata hivyo alikubali, akaiandika programu ya kuzipokea hodi hizo, nayo ikawa ndiyo tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Chukua kazi mbili ziendazo pamoja, ambazo mafundi huziita nyuzi, zikihesabu mizigo katika daftari moja. Uzi wa kwanza wasoma 7. Kabla haujaandika, wa pili nao wasoma 7. Kila mmoja waongeza moja, kila mmoja waandika 8. Mizigo ni tisa, na mmoja umepotea bila mwizi.

Watu wa reli walikwisha lipa gharama ya somo hili. Tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, Uingereza, ruhusa mbili zilitolewa kwa kutoelewana, na magarimoshi mawili yakagongana ana kwa ana katika njia moja. Watu zaidi ya ishirini walikufa. Mwaka 1878 Edward Tyer akapata hataza ya mtambo wake: kila stesheni ina sanduku la vibao, na masanduku mawili yameunganishwa kwa umeme. Kibao kimoja kikitoka, hakuna kingine kitakachotoka upande wowote mpaka kile kirudishwe. Dereva asiye na kibao haondoki. Zamani zaidi reli nyingine zilitumia kijiti kimoja tu, na maana ni ile ile.

Dijkstra alipotafuta dawa ya nyuzi zake katika miaka ya 1960, alikwenda huko huko. Kifaa chake alikipa jina la nguzo ya ishara za reli, na vitendo vyake viwili akaviita P na V. V ni mwanzo wa neno la Kiholanzi lenye maana ya kuongeza. Neno la kupunguza nalo huanza kwa V, hivyo akabuni neno lisilokuwapo, *prolaag*, kwa kufinyanga pamoja maneno "jaribu kupunguza". Sisi tunaoogopa kubuni maneno na tumtazame mtu huyo.

Lakini kijiti na hodi vikikutana, huzuka balaa jipya. Uzi umeshika kijiti, hodi yaingia, mpokeaji wa hodi naye akitaka kijiti kile kile. Yeye aungoja uzi, na uzi hauwezi kuendelea mpaka yeye amalize. Huo ndio mkwamo. Kwa hiyo mwandishi wa kiendeshi hutakiwa kwanza afunge mlango wa hodi, ndipo ashike kijiti, na asikae nacho. Mpokeaji wa hodi kadhalika haruhusiwi kusinzia: hufanya lililo la lazima na kuliacha lingine kwa baadaye. Mfumo wa Linux, ulioanza mwaka 1991, ulipojifunza kutumia vichakataji vingi mwaka 1996 ulitumia kufuli moja kubwa kwa kiini kizima, mithili ya nyumba nzima yenye ufunguo mmoja. Kuliondoa kabisa, mahali baada ya mahali, kulichukua hadi mwaka 2011.

Mwanafunzi wangu alipenda neno "katizo". Mimi nililikataa, maana kumkatiza mtu ni utovu wa adabu, ilhali hodi ni ombi. Mwenye nyumba aweza kusema "ngoja kidogo". Akanijibu kwamba zipo zisizoweza kuambiwa ngoja, kama vile taarifa ya hitilafu kubwa ya mashine yenyewe. Tukakubaliana hivi: ile iwezayo kungojeshwa tuiite hodi, na ile isiyozuilika iwe katizo. Akaandika yote mawili daftarini.