Kuchagua programu ya kuhifadhi mipangilio ya tarakilishi

TARAKILISHI ikiibwa au kuharibika, wengi huzililia picha na barua zao, wasikumbuke mafaili mengine madogo yaliyowachukua miaka kuyapanga. Haya ni mafaili ya mipangilio, yanayoieleza kila programu namna mwenyewe apendavyo ifanye kazi. Katika mfumo wa Linux majina ya mengi huanza kwa nukta, nayo huwa yamefichwa mtu anapofungua folda yake. Ndiyo maana husahaulika.

Kwa mkazi wa Ronge, wadi iliyo katika eneobunge la Mwatate, mwenye tarakilishi moja nyumbani na nyingine kazini Voi, shughuli ni maradufu, kwani mipangilio ya mashine hizo haina budi kulingana.

Njia nyepesi ni kunakili mafaili kwenye diski ya USB. Lakini nakala ya leo ikifuta ya jana, kosa la leo nalo huhifadhiwa. Git, iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia ya kila badiliko, hivyo mtu aweza kurudia mpangilio wa mwezi uliopita. Hufanya kazi hata pasipo intaneti, na kwa kuwa mafaili haya ni maandishi matupu, kuyatuma mtandaoni hugharimu kidogo mno.

GNU Stow ni kongwe zaidi, ya mwaka 1993. Huacha mafaili yakae katika folda moja na kuweka viungo pale yanapotakiwa. Yenyewe haihifadhi nakala popote, hivyo huhitaji Git kando yake. Mwenye mashine moja hutosheka na hizo mbili. Mwenye mashine kadhaa zinazotofautiana afadhali achague chezmoi, iliyoanza mwaka 2018, ambayo hulifanyia faili moja marekebisho yanayoifaa kila mashine.

Hatari kubwa imo katika maneno ya siri, ambayo mara nyingi hujificha ndani ya mafaili haya. Yakishawekwa mtandaoni hadharani, kuyafuta hakutoshi, maana historia ya Git bado inayo. Sharti yabadilishwe mara moja. Chezmoi huweza kuyafumba kwa ufunguo, mradi ufunguo wenyewe uwe na nakala nje ya tarakilishi hiyo.

Programu yoyote itakayochaguliwa, ijaribiwe kwanza kwa kurejesha mafaili katika akaunti mpya, kabla ya mashine kuharibika.